Anza na mwaka: namna ya kusoma cheti cha kidato cha nne cha zama zozote

Nina steshenari Morogoro, mwendo wa dakika chache kutoka stendi ya Msamvu. Natoa kopi, naskani, naprinti, lakini kinacholeta ugali mezani hasa ni kuwajazia watu maombi ya vyuo na ya kazi mtandaoni. Msimu wa maombi ukifika, foleni inaanza kabla sijafungua mlango, na kila aliyesimama pale ameshika bahasha ya kaki au faili la plastiki lenye cheti ndani. Mbele yupo mama aliyemaliza 1998, nyuma yake binti yake aliyemaliza 2021, na nyuma yao kijana wa 2014. Wote watatu vyeti vyao vimeandikwa A, B, C, D. Hapo ndipo watu wanapopotea, maana C ya mmoja si C ya mwenzake.

Mdogo wangu mwenyewe ni wa 2014. Miaka mitatu baada ya kumaliza aliomba kazi ambayo tangazo lake lilitaka "daraja la tatu au zaidi". Aliyempokea dirishani akaigeuza karatasi mbele na nyuma. Hakuona I, II, III wala IV. Akamwambia, "Kaka, hapa huna divisheni, lete cheti kamili." Mdogo wangu akarudi jioni, akaiweka bahasha mezani, akala kimya. Nafasi ikampita. Cheti chake kilikuwa kamili tangu mwanzo. Aliyekisoma ndiye hakujua mwaka ule madaraja yalikuwa yanaandikwaje. Kuanzia wiki ile nina daftari la jalada jekundu chini ya kaunta, nimeandika humo miaka na kanuni zake. Haya ndiyo yaliyomo.

Kabla hujatazama alama hata moja, tafuta mwaka. Angalia namba ya mtihani: inaanza na S kwa aliyefanya akiwa shuleni, au P kwa mtahiniwa wa kujitegemea, kisha namba ya kituo, namba ya mtahiniwa, na mwishoni mwaka. Huo ni mwaka wa kufanya mtihani. Kidato cha nne hufanya mtihani Novemba na matokeo hutoka mapema mwaka unaofuata, kwa hiyo nasikia kila siku, "Dada, mimi nilimaliza 2015," kumbe mtihani aliufanya Novemba 2014 na anachokumbuka ni Februari aliyoyaona matokeo. Mifumo mingi ya maombi siku hizi huvuta matokeo yenyewe ukiingiza namba na mwaka. Ukikosea mwaka, inakwambia hupo, na mtu anaondoka akidhani matokeo yake yamefutwa. Nimewahi kumtuliza mama aliyekuwa analia kwa jambo hilo tu. Nilibadilisha tarakimu moja, jina lake likatokea.

Kama ulirudia mtihani, una miaka miwili, na kila karatasi isomwe kwa kanuni yake. Usichukue ufunguo wa karatasi mpya ukafungulia ya zamani.

Sasa twende kwenye miaka yenyewe. Nitaanza na ya karibuni, kwa sababu ndiyo kipimo ambacho watu wengi wamekishika kichwani.

Kwa aliyefanya mtihani wa kidato cha nne kuanzia 2015, A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, na F ni chini ya 30. Kila herufi ina pointi: A moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Chukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, jumlisha pointi zake. Saba hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Pointi zikiwa chache ndivyo ulivyofaulu zaidi, ndiyo maana mtaani ukisikia "wani ya saba" jua mtoto ana A saba.

Ukitaka kujua umeielewa hesabu hii, jaribu mpaka wa chini. Mtu mwenye D mbili na F tano ana nane na 25, jumla 33: amepata daraja la nne kwa kugusa. Mwenye C moja na F sita ana tatu na 30, naye 33. Mwenye D moja na F sita ana 34, sifuri. Ukishaifanya hesabu hiyo kwa mkono wako mara moja hutaisahau.

Vyeti vya kabla ya 2012, ukiacha vile vya zamani sana nitakavyovitaja mbele, navyo vinatumia pointi hizohizo moja hadi tano na madaraja hayohayo. Changu ni cha 2004, daraja la tatu la pointi 23, na mtoto wa leo akikisoma kwa kanuni ya leo atapata jibu lile lile. Tofauti haionekani kwenye karatasi. Zamani mipaka ya alama za herufi haikuwa imefungwa mahali pamoja kila mwaka. Baraza la Mitihani lilikuwa linaoanisha matokeo ya somo kulingana na namna mtihani ulivyokwenda. Kwa hiyo ukiwa na C ya 1998 usijisumbue kutafuta ilikuwa asilimia ngapi. Soma herufi, soma daraja, inatosha.

Mwaka 2012 nauombea utulivu mtu akija nao. Mwaka ule mipaka ilifungwa bila kuoanishwa kama ilivyozoeleka, na matokeo yalipotangazwa Februari 2013 watahiniwa zaidi ya 240,000, kama asilimia 60, walikuwa na sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Iliundwa tume ya Waziri Mkuu, na Mei 2013 serikali ikayafuta matokeo yale, yakapangwa upya kwa utaratibu uliokuwa ukitumika kabla, yakatangazwa tena mwezi huohuo. Maana yake kwako ni hii: kama nyumbani kuna karatasi iliyoprintiwa Februari 2013, usiitumie kwa chochote. Si matokeo yako tena. Wapo walioikunja ile karatasi ya kwanza siku ile, wakaingia kwenye biashara au shambani, na hawakurudi kuangalia ya pili. Kama unamjua mtu wa 2012 anayesema alipata ziro, mwombe namba yake ya mtihani, uangalie naye matokeo ya mwisho. Ni kazi ya dakika tano.

Halafu inakuja 2013 na 2014, miaka miwili inayoleta ugomvi mwingi kuliko mingine yote kwenye kaunta yangu.

Mwishoni mwa 2013 yalitangazwa madaraja mapya. A ikawa 75 hadi 100, ikaingia B plasi ya 60 hadi 74, B ikawa 50 hadi 59, C 40 hadi 49, D 30 hadi 39, ikaingia E ya 20 hadi 29, na F ikashuka hadi 19 kwenda chini. Herufi zilikuwa saba badala ya tano. Ilitangazwa pia kwamba sifuri itaondolewa na kuwekwa daraja la tano, watu wakapiga kelele, sifuri ikabaki. Kwa waliofanya 2013 pointi zikawa A moja, B plasi mbili, B tatu, C nne, D tano, E sita, F saba. Daraja la kwanza likabaki 7 hadi 17, la pili likawa 18 hadi 24, la tatu 25 hadi 31, la nne 32 hadi 47, na sifuri 48 na 49.

Waliofuata, wa 2014, hawakupewa namba za Kirumi kabisa. Wao walipewa wastani wa pointi, GPA, kama wa chuo kikuu, na hapo hesabu ikageuka: A ni tano, B plasi nne, B tatu, C mbili, D moja, na sasa pointi nyingi ndizo nzuri. Karatasi zao zimeandikwa kwa Kiingereza Distinction kwa wastani wa 3.6 hadi 5.0, Merit kwa 2.6 hadi 3.5, Credit kwa 1.6 hadi 2.5, Pass kwa 0.3 hadi 1.5, na Fail kwa walio chini ya hapo. Utaratibu huo haukuendelea. Waziri wa Elimu aliyeingia mwishoni mwa 2015, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye awali alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza hilohilo, aliagiza divisheni zirudi, na waliofanya mtihani Novemba 2015 wakatangaziwa matokeo yao kwa divisheni.

Angalia mtego ulioko kwenye neno krediti. Kwa lugha ya walimu, krediti ni somo ulilopata C au zaidi, ndiyo maana tunasema mtu ana "krediti tatu" za kwenda kidato cha tano. Kwenye karatasi ya 2014 Credit ni daraja la jumla la mtu. Ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Fomu ikiuliza una krediti ngapi, hesabu masomo, usijibu "ninayo moja" kwa sababu umeiona imeandikwa chini ya karatasi.

Chukua cheti cha mdogo wangu, amenipa ruhusa. Masomo yake saba bora ni B plasi moja, B mbili, C tatu, D moja. Hesabu ina F, haimo kwenye saba. Kwa kanuni ya mwaka wake: nne, tatu na tatu, mbili mara tatu, moja. Jumla 17, gawa kwa saba, 2.4. Hiyo ni Credit, sawasawa na ilivyoandikwa.

Yule wa dirishani alitaka divisheni. Haya, tumpe divisheni. Tukizipeleka herufi hizo kwenye kanuni ya 2013 tunapata mbili, tatu, tatu, nne, nne, nne, tano: pointi 25, daraja la tatu. Tukitaka kuzipeleka kwenye kanuni ya leo tunakwama, kwa sababu hatujui alama zilizo nyuma ya herufi. B plasi yake ikiwa ya 66, leo ni B. Ikiwa ya 61, leo ni C. C zake tatu zikiwa za 47, leo bado ni C. Zikiwa za 42, leo ni D. B zake mbili leo ni C kwa vyovyote, na D inabaki D. Niliandika pande zote mbili kwenye daftari. Alama zikiwa za juu anapata mbili, tatu mara tano, nne: 21, daraja la pili. Alama zikiwa za chini anapata tatu mara tatu na nne mara nne: 25, daraja la tatu. Karatasi ileile inaweza kuwa mbili ya 21 au tatu ya 25. Kwa hiyo mtu asikubadilishie cheti chako kichwani mwake, na wewe usikibadilishe mwenyewe kwenye fomu. Andika kilichoandikwa: Credit, 2.4, mwaka 2014. Fomu ikiwa na kisanduku cha divisheni peke yake, wasiliana na ofisi husika kabla ya kutuma, au ambatisha barua fupi ya kueleza kwamba matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yalitolewa kwa wastani. Mimi barua hiyo ninayo tayari kwenye kompyuta, nabadilisha jina tu, na siitozi hela.

Sina kinyongo na kubadilisha madaraja. Kila aliyebadilisha alikuwa na sababu zake. Kinachoniuma ni kwamba vijana walipewa karatasi ya aina mpya wakaachwa waielezee wenyewe kwa watu wazima wenye mihuri.

Habari njema kwa watu wa miaka hiyo ni kwamba vyuo vingi vya cheti na diploma havianzii kwenye daraja la jumla, vinahesabu masomo. Sharti unalolikuta mara kwa mara ni ufaulu wa D nne au zaidi, masomo ya dini yasihesabiwe, na baadhi ya kozi zinataja masomo yake. Mdogo wangu alikuwa nazo saba. Alijiunga na chuo mwaka uliofuata bila mtu kumuuliza divisheni. Kama cheti chako kina E za 2013 au 2014, usizihesabu kwenye zile D nne, E iko chini ya D.

Kidato cha sita nako kuna shimo la aina hiyohiyo, na hapa linaweza kukunyima chuo kikuu. Sharti la kawaida la Tume ya Vyuo Vikuu ni ufaulu wa prinsipo mbili, yaani masomo makuu mawili uliyofaulu, zenye jumla ya pointi nne katika masomo yanayohusu kozi. Kwa waliomaliza kabla ya 2014, na waliomaliza kuanzia 2016, A ni tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Kwa waliomaliza 2014 na 2015, A ni tano, B plasi nne, B tatu, C mbili, D moja. Sasa mchukue mtu mwenye D mbili. Kama ni wa 2017 ana pointi nne, anaingia. Kama ni wa 2015 ana mbili, haingii, yeye anahitaji C mbili. Nimeona ndugu wawili wa tumbo moja, wenye D mbili kila mmoja, mmoja akapata chuo na mwingine akakosa, na mama yao akadhani kuna aliyependelewa. Nilimkalisha kwenye benchi, nikamwonyesha miaka. Kwa wa sasa, ukitaka kusoma herufi zenyewe: A ni 80 na kuendelea, B 70, C 60, D 50, E 40, S 35, na chini ya 35 ni F. Lakini mwongozo wa udahili hutoka kila mwaka, na kila kozi ina masharti yake, kwa hiyo fungua wa mwaka unaoomba, usitumie aliokuachia kaka yako.

Vya zamani sana haviji kwa ajili ya maombi, vinakuja kuskaniwa vihifadhiwe. Mzee mmoja alinijia na cha 1966, cha Cambridge, kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo inaona mwanga. Nikamwamkia, akaitika, akanikabidhi kwa mikono miwili. Mjukuu wake akachungulia, akasema, "Babu, hesabu ulipata tatu tu?" Mzee akamjibu taratibu, "Hiyo tatu ndiyo iliyonifanya mpima ardhi." Zama zile kila somo lilipewa namba kuanzia moja hadi tisa. Moja na mbili ndizo za juu kabisa, tatu hadi sita ni krediti, saba na nane ni kupita, tisa ni kufeli. Mitihani ilikuwa ya Cambridge, kisha likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, Tanzania ikajitoa humo 1971, na Baraza letu likaundwa kwa sheria ya 1973. Azimio la Musoma la 1974 likataka mwanafunzi asipimwe kwa karatasi ya siku moja tu, na kuanzia 1976 kazi zake za darasani zikawa zinahesabiwa kwenye matokeo ya mwisho. Kile cheti nilikiskani mara tatu mpaka mhuri ukasomeka. Nawe kama unacho cha namna hiyo, usikipeleke laminesheni. Joto likikosea hutakipata tena. Kiweke kwenye faili la plastiki, kikiwa kimenyooka.

Wapo pia wanaokuja na vyeti vya Kenya. KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, ambayo ilifanyika mara ya kwanza 1989, ina herufi kumi na mbili, kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye moja, zikiwa na plasi na mainasi katikati, na mwishoni mtu hupewa daraja la wastani. Usihangaike kuilinganisha na divisheni kwa kalamu. Baraza la Mitihani la Tanzania ndilo linalotoa ulinganifu wa vyeti vya nje, na chuo kitauomba huo.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja anayeuza vitenge sokoni, wa 2013. Alikuwa ameomba nafasi mahali, wakamrudishia makaratasi na kumwambia cheti chake kina mashaka, kwa sababu karatasi yake ya matokeo inaonyesha daraja la tatu, pointi 27, na "kila mtu anajua 27 ni foo", yaani daraja la nne. Alikuwa ameanza kuamini kwamba labda shule ilimpa karatasi isiyo yake. Nikatoa daftari jekundu. Tukajumlisha pamoja, yeye akisoma herufi, mimi nikiandika pointi ya kila somo: B plasi mbili, B tatu, C nne, C nne, C nne, D tano, D tano. Ishirini na saba. Nikamwekea kidole kwenye mstari wa 2013, 25 hadi 31. Akausoma mara mbili bila sauti. Kisha akaniomba nimprintie ule ukurasa, nakala mbili, moja ya kuambatisha na moja ya kumpelekea mume wake.